Mashine ya Kukaushia Nguo Isipowaka
Anza na soketi: chomeka kifaa kingine kizima. Kikifanya kazi, hakikisha kufuli ya watoto (inayofunga vitufe ili watoto wasivichezee) haijawashwa, kisha funga mlango wa mashine usikilize mlio wa swichi yake. Usiposikika, shuku swichi hiyo kwanza.

Ukisikika, chomoa plagi ndipo ufungue kifuniko cha nyuma. Tafuta fyuzi ya joto, yaani ile inayokata umeme mashine ikipata joto kupita kiasi, ambayo mara nyingi hukaa kwenye njia ya hewa ya feni. Itenganishe na nyaya zake, uipime kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) upande wa omu, yaani wa ukinzani: ikisoma karibu na 0 ni nzima; isiposoma kitu imeungua, ibadilishe. Usiiunganishe moja kwa moja kwa waya hata kwa majaribio, maana ndiyo inayozuia moto! Kwa kawaida huungua kwa sababu bomba la kutolea hewa limeziba kwa nyuzi za nguo. Lisafishe kwanza, la sivyo fyuzi mpya nayo itaungua.