Somo: Waya wa betri ya lori ulioliwa na asidi, kuanzia kupima hadi kufunga

Juzi alfajiri dereva mmoja alinipigia simu, amekwama soko la Kilombero hapa Arusha. Vitunguu vya Mang'ola vimeshashushwa, Fuso haitaki kuwaka. Taa kali, honi inalia, ila akizungusha ufunguo stata (mota ya kuwashia injini) inasema "tik" basi. Nilipofika nikamkuta tandiboi kashika jiwe, anagonga tamino ya chanya, kile kibano cha waya kinachoshika nguzo ya betri. Mara ya tatu gari likawaka. "Hiyo ndiyo dawa yake, fundi, kila siku," akaniambia, tena kwa furaha.

Nikawaambia waje nalo kijiweni, Unga Limited. Nilipoukunja ule waya karibu na tamino, ukalia ndani kama unasaga mchanga, na unga wa kijani ukamwagika. Tamino yenyewe ilikuwa mpya. Betri nazo mpya, zote mbili, wamenunua mwezi uliopita, pesa imepotea bure.

Mbona taa zinawaka? Hapa ndipo gari linapotudanganya. Taa zinavuta kama ampia 10, stata ya lori inaweza kuvuta 300 na zaidi. Tuseme uchafu ndani ya waya umeleta ukinzani wa ohmu 0.01 tu. Kwa taa unapoteza volti 0.1, huoni kitu. Kwa stata unapoteza volti 3, na pale pale panachemka. Ongeza baridi ya Arusha ya mwezi wa saba, oili imekuwa nzito, stata inataka nguvu zaidi. Ndiyo maana lori linagoma alfajiri, mchana linawaka kama halina tatizo.

Pima kabla hujashika spana. Gia nyutro, hendibreki juu, injini izuiwe isiwake. Mita iwe kwenye volti za DC. Betri mbili za 12 zilizofungwa mfululizo zikiwa zimejaa zinasoma kama 25.2. Sasa ncha moja ya mita iguse nguzo yenyewe ya chanya, siyo tamino, na nyingine iguse nati ya stata panapoingia waya mnene. Mwenzako apige stata sekunde chache. Ikisoma chini ya 0.5, upande huo ni mzima. Ikisoma 2 au 3, mwizi yuko humo. Sogeza ncha kidogo kidogo, nguzo hadi tamino, tamino hadi waya, mpaka umkamate. Kisha rudia upande wa hasi: kutoka nguzo ya hasi hadi kwenye chuma cha injini. Na ule waya mfupi unaounganisha betri mbili, wengi wanausahau kwa sababu umejificha chini ya mfuniko.

Kufungua. Zima kila kitu, vua saa na pete, piga picha kwa simu. Toa hasi inayokwenda kwenye chesisi kwanza. Ukianza na chanya, spana ikigusa chesisi unatengeneza shoti ya betri mbili nzima. Nimeshaona spana namba 13 imenata kwenye chesisi kama imechomelewa. Sigara kaa nayo mbali, betri inapochajiwa hutoa haidrojeni.

Kuosha. Vijiko viwili vya magadi soda kwenye lita moja ya maji ya moto. Mwagia taratibu, litatoka povu. Povu likiisha, asidi imekwisha. Vizibo vya betri viwe vimefungwa, maji haya yakiingia ndani umeua betri.

Kukata, na hapa usione huruma. Chuna mpira, angalia nyuzi. Shaba nzima inang'aa. Ikiwa nyeusi au kijani, kata sentimita tatu, chuna tena. Ule wa Fuso nilikata mara nne, weusi ukaendelea kupanda. Waya wa hivyo ni wa kutupa. Ukibaki mfupi pia usiuvute ufike kwa nguvu, utang'oa nguzo ya betri barabara ikianza matuta. Nunua mwingine wa unene uleule. Kwa malori ya kati mara nyingi ni milimita za mraba 50 hadi 70.

Lagi. Ni kile kiatu cha shaba chenye tundu la bolti. Vika kwanza waya mpira wa kusinyaa kwa moto (ukisahau, utaukumbuka ukishamaliza), ingiza nyuzi zote, bana kwa mashine ya haidroliki. Nyundo na patasi hapana. Aliyeutengeneza ule wa mwanzo alijaza risasi ya kulehemu peke yake. Risasi hiyo inaanza kuyeyuka karibu nyuzi joto 183, tena inazifanya nyuzi za shaba ziwe ngumu, zikatike ukingoni kwa mtikisiko.

Kurudisha. Sugua nguzo kwa brashi ya waya. Chanya kwanza, hasi mwisho. Kwa betri nyingi nguzo ya chanya ni nene kidogo, kama milimita 19.5 kwa 17.9 ya hasi, hivyo tamino ya chanya ukiipeleka hasi italegea, na hapo ndipo watu huchomeka vipande vya kopo la soda. Grisi paka baada ya kukaza. Funga waya usisugue chesisi, pima tena. Kwa lile Fuso, upotevu ulishuka kutoka volti 2.8 hadi 0.2.

MASWALI

Fundi, shikamoo. Mimi niko Moshi, nimefuata yote, upande wa chanya ni mzima, bado "tik".
Marahaba. Tafuta athi, yaani waya wa hasi wa kutoka chesisi kwenda kwenye injini. Injini imekaa juu ya mipira, umeme haupiti hapo. Ukikuta bolti imepakwa rangi au ina kutu, fungua, sugua hadi chuma cheupe.

Mkuu, naweza kutumia waya wa mashine ya kuchomelea?
Unafaa, nyuzi zake ni laini, zinavumilia mtikisiko. Upitishe mbali na ekzosi na oili. Ila kwangua uzi mmoja kwa kisu kabla hujalipa: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Mrudishie.

Mimi kila nikiosha, baada ya wiki mbili unga unarudi kwenye betri moja tu. Redio nimeichukulia kwenye ile nyingine.
Umejijibu, kaka. Redio ya volti 12 inanyonya betri moja, altaneta (mashine ya kuchaji betri) inachaji zote kwa pamoja, basi isiyonyonywa inachajiwa kupita kiasi na kutema asidi. Nunua kigeuzi cha 24 kwenda 12. Pima na chaji injini ikiunguruma: ikipita volti 29, altaneta nayo ina lake.

Vaselini badala ya grisi?
Inafaa.