Farasi wa masafa marefu: ukoo wake uupe uzito kiasi gani kabla hujatoa hela

Assalamu alaykum wadau. Mimi ni saisi, natokea Unguja, huu ni mwaka wa kumi na moja niko Omani kwenye istabali za farasi wa masafa marefu, zile mbio za kilomita 80, 120 mpaka 160 ambazo Waarabu huku wanaziita qudra. Kila anayetaka kununua farasi swali lake la kwanza ni "baba yake nani?" Swali zuri, ila linakuja mapema mno, kwa hiyo nawaandikia hapa ninavyofanya mimi, wapi damu inaingia na wapi unaiweka pembeni.

Hatua ya 1: uliza umri

Kadiri farasi alivyo mdogo ndivyo karatasi yake ya ukoo inavyokuwa na maana. Wa miaka mitatu hajakimbia popote, huna cha kushika zaidi ya wazazi wake na miguu yake. Lakini wa miaka tisa aliyemaliza kilomita 120 mara nne huyo ameshajieleza mwenyewe, babu yake atakusaidia nini tena? Na kumbuka kwa sheria za FEI, shirikisho la dunia la michezo ya farasi, farasi hagusi 160 kabla ya miaka 8, yani yule mdogo utamlisha miaka mitano, umtibu, umpige viatu, ndo uje ujue umenunua nini. Bajeti yako ikiwa ndogo chukua mwenye rekodi hata kama ukoo wake haujulikani. Jina lake liangalie kwenye mtandao wa FEI, matokeo yamo, mpaka alipotolewa kwa kuchechemea yamo.

Hatua ya 2: anza na farasi wa Kiarabu

Hapa damu ina nguvu kweli na sibishani na mtu. Farasi wa Kiarabu ana mwili mdogo, wengi kilo 400 hivi, ngozi nyembamba na mishipa iko juu juu, joto linamtoka haraka, na misuli yake ina nyuzi nyingi za kufanya kazi polepole kwa muda mrefu. Farasi mzito mwenye misuli ya kuvuta atakimbia vizuri kilomita 30, baadae anachemka. Kule California kuna Tevis Cup, maili 100 za milimani ndani ya saa 24, inafanyika tangu 1955, na farasi walioshinda karibu wote ni wa Kiarabu au wenye damu hiyo kwa wingi. Nyumbu mmoja anaitwa Hugo alishinda 1974, namtaja kwa sababu kuna watu wanadhani asiye Mwarabu hawezi kabisa. Anaweza, ila wewe usitoe hela zako ukitegemea bahati hiyo.

Hatua ya 3: soma karatasi, anzia kwa mama

Mabedui walikuwa wanahesabu rasani, yani ukoo wa farasi kama Kuhaylan, Saqlawi, Ubayyan, kwa kufuata mama, na mimi hadi leo naanzia huko. Sababu yangu ni ya kazini tu: dume maarufu ana watoto mamia, wawili watatu wakishinda jina linapaa na wale walioshindwa hakuna anayewataja, lakini jike ana watoto wachache, unaweza kuwafuatilia mmoja mmoja. Wangapi walipandwa, wangapi walifika 120, miguu yao ikoje sasa hivi. Jike ambaye watoto wake watatu kati ya wanne wamemaliza 120 na bado wazima, mtoto wake wa tano namlipia bila wasiwasi.

Usiende mbali sana. Baba na mama kila mmoja ametoa nusu, babu na bibi robo robo, ukifika kizazi cha nne kila mmoja anabaki na moja ya kumi na sita. Muuzaji anayekusomea jina la kizazi cha sita anakuuzia hadithi.

Halafu angalia hao wazazi walifanya nini. Matangazo mengi huku yana majina ya mbio za uwanjani, Amer, Tidjani, Dormane, hao ni madume wakubwa kwelikweli lakini mbio zile farasi anamaliza ndani ya dakika chache. Sisemi damu hiyo mbaya, jangwani kwetu ardhi tambarare na mwendo wa mbio umekuwa wa kasi, inasaidia, ila mara nyingi inakuja na kichwa moto na farasi hajui kujitunza. Tofauti na Persik, yule dume aliyezaliwa Tersk Urusi 1969 akapelekwa Ufaransa, yeye mwenyewe alikimbia masafa marefu na ndipo akazalisha farasi wengi wa mchezo huu. Damu ya namna hiyo naiamini, maana ilipimwa kwenye kazi ileile.

Na kuna Pieraz, farasi bingwa wa dunia 1994 akipandwa na Valerie Kanavy, tena 1996 akipandwa na Danielle, binti wa Valerie. Alikuwa amehasiwa, hana mtoto, na mwaka 2005 kule Italia ikazaliwa nakala yake iliyotengenezwa maabara ili damu ipatikane ya kuzalisha. Mpaka hapo watu wanathamini damu! Lakini fikiria pia kwamba siku anahasiwa hakuna aliyejua atakuja kuwa bingwa.

Hatua ya 4: weka karatasi chini, shika miguu

Hapa ndo niliumia. Mwaka wangu wa tatu nilimshauri bosi achukue farasi kijana mmoja mwekundu, ukoo safi pande zote mbili, majina mpaka unatetemeka, mimi nikaona kwato zake nyembamba na unyayo umelala nikasema zitakaa sawa na viatu vizuri. Hazikukaa. Kila akifika kilomita 60 anaanza kuchechemea, miaka miwili, mpaka akapewa mtoto wa jirani ajifunzie kupanda. Farasi mzuri mno, bado namwona. Toka siku hiyo nainua kwato nne zote kabla sijaomba karatasi, napapasa kano za nyuma ya mguu kama zina joto au uvimbe, nasimama mbele naangalia magoti, halafu atembezwe kwenye ardhi ngumu nisikilize mdundo, maana ukisikia hatua moja nzito kuliko zingine ujue kuna mguu anauogopa. Bei ikiwa kubwa mlipe daktari apige eksirei.

Hatua ya 5: sikiliza moyo

Mbio hizi kila mzunguko unaishia kwa daktari, na mapigo lazima yashuke mpaka 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa, hayakushuka umetoka, hata uwe wa kwanza. Kwa hiyo pima. Akiwa ametulia awe kati ya 28 na 40 hivi. Mpe kazi ya kilomita 15 mpaka 20, mmwagie maji, asubiri mapigo yatulie, weka stetoskopu nyuma ya kiwiko cha kushoto, hesabu sekunde 15 zidisha kwa nne. Sasa mkimbize troti, yani mbio za polepole, mita 40 kwenda na 40 kurudi, saa ianze pale anapoondoka, dakika moja ikitimia pima tena. Yakiwa sawa au yamepungua, vizuri sana. Yakipanda manne au zaidi kuna uchovu au maumivu mahali. Rudia siku tatu tofauti, siku moja haitoshi, anaweza kuwa kashtuka tu.

Nilimpata jike mweupe kutoka Argentina kwa kipimo hiki, ukoo wake haukumsisimua mtu yeyote, lakini mapigo yalikuwa yanaanguka kama jiwe kisimani. Alimaliza 120 mara sita.

Hatua ya 6: kaa naye

Omba wiki mbili. Anakunywa maji ya ndoo asiyoizoea? Anakula akiwa kwenye trela? Asiyekula safarini hafiki.

Hatua ya 7: kama ni jike na unataka kuzalisha

Hapa damu inarudi kwa nguvu zote. Farasi wa Kiarabu wana magonjwa ya kurithi, SCID (mtoto anazaliwa bila kinga ya mwili), CA (ugonjwa wa ubongo unaomfanya ayumbe) na lile la watoto wenye rangi ya zambarau wanaokufa mapema. Mbebaji mwenyewe ni mzima anakimbia vizuri tu, lakini mbebaji kwa mbebaji kila mimba ina uwezekano wa robo mtoto kuugua. Testi ni ya nywele, na zing'oe kwenye shingo au mkia zitoke na mizizi yake, usikate kwa mkasi, maana maabara inachotaka ni ile mizizi.