Jinsi ya Kulinda Mtandao wa Ofisi ya Biashara Mombasa

Ofisi ya wakala wa forodha yenye wafanyakazi kumi hivi, iwe barabara ya Moi au karibu na geti za bandari ya Kilindini, huwa na vitu vya thamani kubwa ndani ya kompyuta zake kuliko samani zote zilizomo: nakala za pasipoti na PIN za KRA za wateja, hati za shehena, ankara kutoka Dubai na Guangzhou, pamoja na nywila za kuingilia mifumo ya forodha. Wenye ofisi za namna hii mara nyingi huambiwa wanunue kifaa cha bei ghali ndipo wawe salama. Ninashauri kinyume chake. Kazi kubwa ya kulinda mtandao ni ya kupanga na kufunga, na sehemu yake kubwa hufanyika kwa vifaa ambavyo tayari mnavyo.

Anza kwa kuorodhesha. Zunguka ofisi nzima ukiwa na daftari, uandike kila kitu kinachotumia mtandao kwa waya au kwa waifai: kompyuta, printa, kamera za ulinzi, mashine ya mahudhurio inayosoma alama za vidole, hata simu za wafanyakazi. Mbele ya kila kimoja andika anayekitumia, taarifa zilizomo, na mara ya mwisho programu zake zilipohuishwa. Kompyuta zinazotumia Windows 10 ziwekee alama, kwa sababu Microsoft ilikomesha usaidizi wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kasoro zinazogunduliwa baada ya hapo hazizibwi tena isipokuwa kwa waliojiunga na mpango maalumu wa nyongeza.

Kisha nenda kwenye ruta. Nywila ya msimamizi iliyokuja nayo kutoka kiwandani ibadilishwe siku hiyohiyo, usimamizi wa ruta kutoka nje ya ofisi uzimwe, na kipengele cha WPS, kinachounganisha kifaa na waifai kwa kubonyeza kitufe au kwa PIN fupi, kizimwe pia. Waifai itumie ulinzi wa aina ya WPA3, au WPA2 ikiwa vifaa ni vya zamani kidogo.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoithamini kuliko zote, nayo ni kuugawa mtandao. Katika ofisi nyingi kila kitu kimo ndani ya mtandao mmoja, hivi kwamba simu ya mteja anayesubiri stakabadhi zake, akiwa amepewa waifai kwa ukarimu, inaweza kuifikia kompyuta ya mhasibu. Gawanya angalau sehemu tatu: wageni na simu binafsi, kamera na mashine nyingine ndogo, halafu kompyuta za kazi. Swichi na ruta nyingi za kiofisi zina uwezo huu, unaoitwa VLAN, na fundi anayeijua kazi yake anaweza kuuweka kwa siku moja. Hasara ya mtandao usiogawanywa ilionekana tarehe 27 Juni 2017, pale programu haribifu iliyopewa jina la NotPetya ilipopenya kupitia masasisho ya programu ya uhasibu iliyotumika Ukraini, ikaenea ulimwenguni. Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake huyaona kila mtu apitaye Changamwe, ililazimika kusakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku kumi hivi. Nakala muhimu ya orodha ya watumiaji wao ilisalimika Ghana, kwa sababu seva iliyokuwa nayo ilikuwa nje ya mtandao kutokana na umeme kukatika. Kampuni haipaswi kuokolewa na umeme uliopotea kwa bahati.

Kwa hiyo nakala rudufu ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya ofisi. Ongeza sharti hili: nakala mojawapo isiunganishwe na kompyuta yoyote isipokuwa wakati wa kunakili, maana programu ya kuteka data husimba, yaani hufunga kwa msimbo, kila diski inayoifikia, pamoja na ile ya nje iliyoachwa imechomekwa mwaka mzima. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, basi diski itunzwe ndani ya kisanduku kikavu kinachofunga vizuri. Kila baada ya miezi mitatu rudisha faili chache kutoka kwenye nakala na uzifungue, kwani nakala isiyowahi kujaribiwa haiwezi kutegemewa.

Faiwoli, yaani chujio linaloamua ni mawasiliano gani yapite, ipangwe ikatae kila kitu kinachoingia kutoka nje ila kile mlichokiruhusu kwa sababu inayojulikana. Poti 3389, yaani mlango wa mawasiliano unaotumiwa kuendesha kompyuta ya Windows kwa mbali, isiachwe wazi kwenye intaneti hata kwa wikendi moja. Anayefanyia kazi nyumbani Nyali au Likoni aingie kupitia VPN, yaani njia iliyosimbwa ya kuufikia mtandao wa ofisi.

Kila mfanyakazi awe na akaunti yake katika kila mfumo, na akiacha kazi akaunti hiyo ifungwe kabla hajatoka mlangoni siku yake ya mwisho. Washa uthibitisho wa hatua mbili, hasa kwenye barua pepe na benki, ukitumia programu ya simu badala ya ujumbe mfupi panapowezekana, kwa kuwa matapeli wa laini za simu hapa Kenya huweza kuihamishia namba yako kwenye kadi yao.

Hata hivyo, wizi unaoumiza zaidi biashara za uagizaji huhitaji barua pepe tu. Mdukuzi huingia kwenye sanduku la barua la upande mmoja, husoma kimya kwa majuma kadhaa, halafu hutuma ankara ileile mnayoitarajia, ila namba ya akaunti ya benki ni nyingine. Anwani huwa imebadilishwa kidogo sana: penye herufi m panawekwa r na n zilizoshikana, na jicho lililochoka halioni tofauti. Wekeni kanuni kwamba akaunti mpya ya malipo hailipwi kabla ya kumpigia mwuzaji kwa namba iliyomo katika faili la zamani, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Kagueni pia mipangilio ya barua pepe zenu kila mwezi, mtafute kanuni za kupeleka barua kwenye anwani msiyoitambua, kwa sababu hizo ndizo mdukuzi huziacha nyuma hata baada ya nywila kubadilishwa.

Mkishuku kwamba mmevamiwa, chomoeni waya wa mtandao na mzime waifai ya kompyuta husika, lakini msiizime kompyuta yenyewe, ili ushahidi uliomo kwenye kumbukumbu yake usipotee. Badilisheni nywila kutoka kwenye kifaa kingine kilicho salama, na kama fedha zimeshatumwa, pigieni benki saa ileile kuomba malipo yasimamishwe. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ikiwa taarifa binafsi zimefikiwa na kuna hatari halisi ya madhara kwa wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu mlipotambua. Iwapo mlikuwa mkizichakata taarifa hizo kwa niaba ya kampuni nyingine, kama ilivyo kawaida kwa mawakala, iarifuni kampuni hiyo bila kuchelewa, na inapowezekana ndani ya saa 48.