Elektrolisisi ya mrututu kwa maabara yenye mizani moja

Mwanafunzi wa kidato cha tatu ukimwambia kathodi, yaani bamba la upande wa hasi wa betri, imeongezeka uzito, atakubali kwa sababu mwalimu kasema. Akiipima mwenyewe na kukuta 0.20 g, palepale hesabu ilipoangukia, hata wa dawati la nyuma husogea mezani. Natunza maabara ya shule ya kata upande wa Hombolo, Dodoma, na jaribio hili, la kupitisha umeme kwenye maji yenye mrututu (kopa salfeti) ili shaba ihame kutoka bamba moja kwenda jingine, huliwekea vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Kimoja hakitoshi.

Anza na maji. Ya visima vyetu yana chumvi, na ukiyatumia kuyeyushia kopa salfeti unaweza kupata ukungu wa kijani-buluu ndani ya bika. Nunua yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri ya gari, na umwambie muuzaji waziwazi kwamba hutaki tindikali, maana dukani vyote viwili huitwa maji ya betri. Stoo ikiwa tupu, mrututu wa wakulima wa zabibu unafaa, mradi uwe fuwele za buluu. Ile poda ya kijani ya kuzuia ugonjwa wa ukungu kwenye mimea, kopa oksikloraidi, haiyeyuki majini, usipoteze hela. Vaa miwani na glavu, pima 25 g, yeyusha, kisha ongeza maji mpaka ujazo ufike mililita 200. Hapo una 0.5 M, yaani nusu moli kwa lita.

Elektrodi ni vipande viwili vya bamba la shaba, kila kimoja kizame sentimita 4 kwa 5. Visugue kwa msasa mpaka ving'ae wekundu, na tangu hapo vishike pembeni tu: mafuta ya kidole yanazuia shaba mpya isishike. Kwaruza alama ya A (anodi) kwenye kimoja na K (kathodi) kwenye kingine, ndipo upime. Funga madirisha kwanza. Kwa upepo wa huku, mizani ya 0.01 g haitulii, na vumbi nalo lina uzito.

Unga betri mbili kubwa za tochi, reostati (ya kurekebisha mkondo) na amita (ya kuupima) kwa mfuatano. A iende upande wa chanya, K upande wa hasi, mabamba yaachane sentimita tatu hivi yasigusane. Weka 0.2 A, anza kuhesabu dakika 50.

Hapa ndipo vijana huharibu. Wakiona hakuna kinachotokea haraka, mmoja anavuta reostati mpaka ampea nzima. Shaba inakuja kweli, lakini inakuja kama unga wa kahawia iliyoiva, unameguka na kutuama chini ya bika, na uzito wako umekwenda nao. Mkondo mdogo hujenga tabaka jembamba, la waridi, linaloshikamana. Mpe mmoja kazi ya kuangalia amita tu, arekebishe betri zinapolegea. Wengine waulize kwa nini rangi ya buluu haififii. Wasubiri wagundue kuwa kila ioni (chembe ya shaba yenye chaji) inayotua K, nyingine imetoka A.

Muda ukiisha, toa K taratibu, izamishe kwenye maji safi, si chini ya bomba, kisha kwenye spiriti, uining'inize kwa klipu. Usiifute kwa kitambaa. Usiipitishe motoni pia, kwa kuwa shaba itashika oksijeni, iwe nyeusi na iongezeke uzito wa uongo. Hewa kavu ya Dodoma inaikausha upesi.

Hesabu: ampea 0.2 × sekunde 3000 ni kulombi 600 za chaji. Gramu 63.5 za shaba zinahitaji kulombi 193,000, kwa hiyo tegemea 0.197 g. A ikipungua zaidi kidogo ya hapo, tazama chini ya bika: uchafu wa shaba isiyo safi umedondoka bila kutoa chaji kwenye waya.

Muda ukibaki, rudia kwa vijiti vya kaboni vya betri kuukuu za kawaida (alkalini hazina). Sasa viputo vya oksijeni vinatoka kwenye anodi, buluu inafifia, na karatasi ya litmasi ya buluu inageuka nyekundu, dalili ya tindikali.

Mchanganyiko wa mabamba ya shaba urudishe kwenye chupa yenye lebo, nguvu yake ni ileile. Ule wa kaboni utumbukizie misumari ya chuma hadi buluu iishe, uchuje shaba, ndipo umwage maji mbali na bustani na mahali mbuzi wanapokunywa.