Somo: kumjua ng'ombe wako kama kashika mimba, usije ukalisha mtupu kama nilivyofanya mimi

Wakuu habari za asubuhi. Huku Rungwe wengi tuna ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa wa kufungia ndani, na kosa letu ni lile lile, ng'ombe hajarudi joto (hajaonyesha tena kutaka dume) basi tunasema ana mimba. Mimi nilikaa miezi minne namlisha mtupu pumba na mashudu, daktari alivyokuja akaingiza mkono akaniangalia akasema hamna kitu humu.

Kwanza andika tarehe. Ukutani, kwa mkaa, popote. Mfano kapandishwa tarehe 10 Machi.

Pili, kuanzia siku ya 18 mpaka ya 24 (28 Machi mpaka 3 Aprili) mchungulie asubuhi na mapema na usiku kabla hujalala, dakika ishirini umekaa kimya. Kama yuko peke yake bandani hana wa kumpanda, kwa hiyo angalia analialia, maziwa yameshuka ghafla, na ute unaovutika kama ute wa yai umegandia kwenye mkia. Ukiyaona hayo hajashika, mwite mpandishaji siku hiyo hiyo.

Tatu, asiporudi usishangilie. Kuna joto la kimya, lisiloonyesha dalili, na kuna wenye usaha kizazini hawaonyeshi joto kabisa. Siku 60 zikitimia (9 Mei) mwite daktari wa mifugo ampime kwa mkono, hela yake ni ndogo kuliko pumba nilizopoteza.

Miezi sita hivi unaweza kujaribu mwenyewe: simama upande wa kulia, maana kushoto kuna tumbo la majani, kunja ngumi, sukuma chini ya ubavu mbele ya kiwele halafu uiache hapo hapo. Ndama anasogea kisha anarudi kukugonga ngumi. Usipomsikia usikate tamaa, wengine wamelala ndani sana.

Akipimwa anayo, mkaushe maziwa (acha kumkamua) katikati ya Oktoba, atazaa katikati ya Desemba, siku 280 na kidogo.

MASWALI

Swali: Mkuu, wangu ana mimba ya miezi 3 ila jana kampanda mwenzake, nimpandishe tena?
Jibu: Hapana ndugu, mwenye joto ni yule anayesimama akipandwa, anayepanda anaweza kuwa na mimba yake vizuri tu. Apimwe kwanza, mrija wa kupandishia ukipita kwenye mlango wa kizazi chenye mimba unaweza kuitoa.

Swali: Katoa damu siku ya pili baada ya joto, ndo imeharibika?
Jibu: Hapana dada, ni kawaida, haisemi kashika wala hajashika. Ila inasaidia, kama hukuona joto ujue lilipita siku mbili tatu nyuma, hesabu siku 18 toka siku hiyo ya joto, anza kuchungulia.

Swali: Naweza kuingiza mkono mwenyewe nipime?
Jibu: Acha kaka. Mimba changa ukiiminya vibaya imetoka, na hutajua kama ulikuwa umeigusa au umegusa kibofu.