Kabla Mwanajeshi Wako Hajameza Tembe ya Kwanza

Mmetoka kwa daktari na karatasi iliyoandikwa setralini au paroksetini, na mzee anauliza kama sasa jeshi na familia wameamua kwamba yeye ni mwendawazimu. Msikimbilie kemisti bado. Ninaandikia nyumba kama zetu, za wanajeshi wa Kenya waliovuka mpaka kuingia Somalia tangu Oktoba 2011, waliopoteza wenzao El Adde Januari 2016 au Kulbiyow mwaka uliofuata, wakarudi wazima kwa macho ya majirani lakini usiku hawalali.

Kwanza, msitishwe na jina. Pakiti itasema ni dawa ya sonona, naye atasema hana sonona, ana hasira na ndoto mbaya tu. Ni dawa ileile. Setralini ilipewa kibali cha kutibu PTSD, yaani msongo unaobaki akilini baada ya tukio la kutisha, nchini Marekani mwaka 1999, paroksetini ikafuata 2001. Haimsahaulishi mtu alichokiona. Ikimkubali, inashusha ile hali ya kushtuka kila mlango unapogongwa, inapunguza ukali, na inampa nafasi ya kuvuta pumzi kabla hajafoka.

Pili, msitarajie makubwa kutoka kwa tembe peke yake. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2007, uliofanywa kwa wanajeshi wa zamani katika hospitali zao huko Marekani, ulikuta setralini haikuwashinda waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wengine hupona nazo vizuri, nimewaona. Lakini mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023 kwa wanajeshi na wastaafu unatanguliza tiba ya mazungumzo inayolikabili lile tukio lenyewe, dawa zikifuata nyuma. Kwa hiyo muulizeni daktari waziwazi: mshauri nasaha yuko wapi, na anaonwa siku gani? Mkiambiwa hayupo, chukueni dawa na muendelee kuuliza kila kliniki mpaka wawachoke.

Tatu, semeni kila kitu anachotumia. Wanajeshi wana migongo na magoti mabovu, na wengi hununua tramadoli bila kumwambia mtu. Tramadoli pamoja na dawa hizi inaweza kuleta degedege, au homa na mtetemeko wa kutisha. Diklofenaki na ibuprofeni zikichanganywa nazo huongeza hatari ya tumbo kutoka damu. Mwenye kifua kikuu sugu anayetumia linezolidi aitaje kabla ya jambo lingine lolote. Pombe, hapana. Miraa ya usiku kisha kulalamika kwamba dawa haileti usingizi, hapana pia. Kama aliwahi kupitia kipindi cha kutolala siku kadhaa, akinunua ovyo na kuongea bila kupumua, daktari alijue hilo, kwa sababu dawa hizi peke yake zinaweza kumrudisha hukohuko.

Akiomba diazepamu ili alale, msimuunge mkono. Mwongozo huohuo unashauri isitumike kwa tatizo hili, na kuiacha ni vita vingine.

Wiki za kwanza ni kichefuchefu, kichwa kuuma, wasiwasi kupanda kidogo. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Ikimnyima usingizi, aimeze asubuhi. Na jambo la chumbani lisemwe mapema: dawa hizi hupunguza hamu na huchelewesha mwanamume kumaliza. Mama, usidhani ana mtu mwingine. Na wewe afande, usizitupe chooni kimyakimya, mwambie daktari, kipimo hupunguzwa au dawa hubadilishwa.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyetuambia. Kabla ya tembe ya kwanza, jueni tembe ya mwisho itapatikanaje.

Shemeji yangu aliwekwa kwenye paroksetini. Baada ya miezi michache dada yangu alikuwa anacheka tena. Mumewe alikuwa amerudi kula mezani na watoto, akaacha kukaa akitazama mlango. Kisha siku moja dirisha la dawa pale hospitalini likasema imeisha, nunueni nje. Bei ya nje ilimuuma. Yeye ni mtu aliyezoea kupimiwa maji jangwani, kwa hiyo akafanya hesabu ya kijeshi: leo moja, kesho hakuna, na zilizobaki zitafika mwisho wa mwezi. Hakumwambia mtu. Kumbe paroksetini hutoka mwilini haraka, na kuruka siku ndiyo njia mbaya kuliko zote za kuibania.

Akaanza kusikia shoti za umeme kichwani kila akigeuza macho. Kizunguzungu, jasho, machozi kwa tangazo la biashara kwenye televisheni. Kisha tukaenda ushago kwa mazishi, na huko zikaisha kabisa. Usiku wa pili alipiga kelele akiita majina ya watu ambao familia haikuwahi kuyasikia. Wazee wakasema ni majini ya Somalia. Akaletwa mchungaji na mafuta, kesho yake akaletwa mtu wa mizizi. Mwenyewe alikuwa na maelezo yake: zile dawa zimemharibu ubongo, na hataziona tena maishani. Muuguzi wa zahanati ya hapo karibu ndiye aliyeuliza swali moja tu, "Ulimeza lini mara ya mwisho?" Jibu likafungua kila kitu. Alirudishiwa dawa, na katika siku chache zile shoti zikaondoka. Kumshawishi asiziogope kulituchukua muda mrefu kuliko kumtuliza.

Kwa hiyo ulizeni siku ya kwanza, mkiwa bado mmekaa kwenye kiti cha daktari. Dawa hii huwa haikosi hapa? Nje ni bei gani, na kemisti gani wa karibu anayo? Kama haipatikani kwa urahisi, je, ipo nyingine inayofaa ambayo hospitali huwa nayo? Fluoksetini, kwa mfano, hutoka mwilini taratibu na humsamehe mtu aliyesahau tembe moja. Hilo ni la daktari kuamua, si kemisti kuwabadilishia dirishani eti zote ni jamii moja. Muwe na akiba ya wiki mbili mbele, na safari ya mazishi isiwakute na pakiti tupu. Kwa kawaida mtu huendelea nayo kama mwaka mzima hata baada ya kupata nafuu, kisha hupunguziwa kidogokidogo kwa wiki au miezi. Kuacha ghafla kwa sababu amepona ndiko kunakomrudisha mwanzo.

Akiwa na umri wa chini ya miaka 25, mumwangalie kwa karibu zaidi wiki za kwanza na kila kipimo kinapobadilishwa, kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Mtu anayetangatanga usiku, asiyetulia, anayegawa vitu vyake, arudishwe hospitalini siku hiyohiyo. Wengi huficha mawazo hayo kwa kuogopa polisi. Mwaka 2025, mwezi Januari, Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Mwambieni hivyo.

Dawa zikae kwa mtu mwingine, hasa kama amepewa amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, maana wingi wake husimamisha moyo. Dawa ya kuulia wadudu iondoke nyumbani. Mwenye bunduki ya leseni aihifadhishe kwingine kwa utaratibu wa sheria.

Homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa kwa pamoja baada ya kuongezewa dawa mpya: hospitali, msingoje asubuhi. Akienda kung'oa jino, kutibiwa malaria au kununua dawa ya mafua, ataje anachomeza. Andikeni majina na vipimo kwenye karatasi, moja kwenye pochi yake, nyingine kwa mtu anayelala naye nyumba moja.