Kazi Ufini bila Kifini: ukiambiwa ufungue y-tunnus, usisaini

Kabla ya CV na kabla ya koti la baridi, shika hili. Ukienda kwenye usaili wa kazi ya usafi au ya kusambaza chakula, halafu badala ya mkataba wa ajira (työsopimus) ukaambiwa ukafungue y-tunnus kwanza, simama hapo hapo. Y-tunnus ni namba ya biashara. Ukishaipata, kwenye karatasi wewe si mfanyakazi tena, ni mfanyabiashara anayeiuzia kampuni huduma ya kupiga deki. Wengine watakuita kevytyrittäjä, mjasiriamali mwepesi, na kukuelekeza kwa kampuni inayokuandikia ankara na kujikatia asilimia yake. Wepesi huo ni wa kwao.

Mtego unanasa kwa sababu malipo ya mwanzo huja yamenona. Ukiwa kwenye rejista ya ennakkoperintä (kodi ya kukatwa mapema), anayekulipa hakukati kodi, deni linakungoja wewe. Tena kuna pensheni ya wajasiriamali, YEL. Biashara ikidumu miezi 4 na mapato yakipita takribani euro 9,000 kwa mwaka, ni lazima uilipe, na ni kama asilimia 24 ya mapato uliyothibitishiwa na kampuni ya pensheni. Ni kama NSSF ambayo fungu lako na la mwajiri yote yanatoka mfukoni mwako. Likizo ya malipo huna. Ukiugua kampuni haikulipi. Jumapili, ambayo mfanyakazi hulipwa maradufu kwa mujibu wa sheria, kwako ni siku kama nyingine. Na hili ndilo linalowaumiza wanafunzi wengi: siku ukitaka kubadili kibali cha masomo kiwe cha mfanyakazi, Migri, idara ya uhamiaji, watataka mkataba wa ajira. Rundo la ankara halihesabiki kuwa mkataba, hata kama umefagia jengo lile lile mwaka mzima.

Sisemi biashara ni haramu. Kama unajipangia bei, una wateja wako na vifaa vyako, fungua y-tunnus kwa raha zako. Ila kama kampuni ndiyo inayokupangia zamu, inakupa sare, ndoo na funguo, na kukuamulia saa ya kufika, sheria ya mikataba ya ajira inatazama kazi ilivyo, haitazami jina lililoandikwa juu ya karatasi. Kwa hiyo hata ukiwa umeshasaini bado una la kudai, mradi uwe na ushahidi. Piga picha kila orodha ya zamu. Usifute meseji za msimamizi. Andika mwenyewe tarehe, anwani ya jengo, saa ya kuanza na ya kumaliza.

Kuna ukaguzi mmoja ambao wengi hawaujui. Kila mwajiri anapaswa kuripoti mshahara kwenye Tulorekisteri, rejista ya mapato ya taifa, ndani ya siku 5 baada ya kulipa. Ingia kwa utambulisho wa benki yako, uone umeripotiwa vipi. Ukikuta palkka, huo ni mshahara. Ukikuta työkorvaus, malipo ya huduma, wanakuhesabu mfanyabiashara. Ukikuta patupu, ama wanakuhesabu mfanyabiashara aliye kwenye rejista ya ennakkoperintä, ama unalipwa kimyakimya na mshahara wako haujaripotiwa. Angalia mwezi wa kwanza, usingoje mwaka.

Hata mkataba wa kweli usome hadi mwisho. Nollatuntisopimus ni mkataba wa saa sifuri: ni halali, lakini wiki wakikosa kazi hupati kitu, na huwezi kuuegemea kwa kodi ya nyumba. Kipindi cha majaribio, koeaika, hakizidi miezi 6. Ufini haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria. Viwango vimo kwenye makubaliano ya sekta, TES, basi uliza kazi yako iko chini ya TES gani na ujisomee mwenyewe. "Njoo siku chache tukuone" bila malipo ni kazi ya bure, kataa.

Yale ya kawaida hayana makuu: namba ya utambulisho na usajili wa makazi ni DVV, ofisi ya usajili wa watu, kadi ya kodi ni Vero, mamlaka ya kodi (bila kadi hiyo mwajiri anakata asilimia 60), kisha akaunti ya benki, ambayo itakuchelewesha kuliko vyote. Kazi ya jikoni inataka hygieniapassi, cheti cha usafi wa chakula: mtihani wa kauli 40, kufaulu ni 34, na unaweza kuufanya kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaruhusiwa wastani wa saa 30 kwa wiki. Kazi za kiangazi huombwa kuanzia Januari. Ukianza kutafuta Juni umechelewa, na Julai ofisi nyingi zimelala.

Kiingereza peke yake kinatosha kwenye programu, michezo ya kompyuta na utafiti, hasa Helsinki, Espoo, Tampere na Oulu. Kwingine kinatosha mahali ambapo huongei na mteja: kuosha vyombo, vyumba vya hoteli, maghala ya Vantaa, kugawa magazeti usiku. Wauguzi wetu nao wasidanganyike. Cheti chako kinaweza kuwa kizuri, lakini bibi wa miaka 85 kwenye nyumba ya wazee anaeleza maumivu yake kwa Kifini. Wengi huanzia hoiva-avustaja, msaidizi wa matunzo, huku wakisoma lugha. Kwenye pwani ya Ostrobothnia, Närpiö kwenye mabanda ya nyanya kwa mfano, lugha ya kazi ni Kiswidi.

Na lugha si ukuta pekee. Mtafiti Akhlaq Ahmad wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliwahi kutuma maombi 5,000 ya kazi ya watu wa kubuni, wote wenye Kifini kizuri na elimu ya huko huko. Katika kila maombi 1,000, wenye majina ya Kifini waliitwa mara 390, wenye majina ya Kisomali mara 99. Wafini ni watu waaminifu, pochi ukiidondosha utarudishiwa, lakini uaminifu huo haumaanishi wanakuamini wewe wasiyekujua. Nafasi nyingi huzibwa kabla hazijatangazwa, kwa kujuana, sawa na kwetu, ila wao hawapendi kulikiri hilo. Dawa ni simu. Tangazo mara nyingi lina jina la mtu na saa za kumpigia, mathalani "ti klo 9–11", Jumanne saa tatu hadi saa tano asubuhi. Piga saa hizo, uliza maswali mawili ya maana, kisha utume CV ya kurasa mbili ukitaja kwamba mliongea.

Wazazi na mashangazi, nanyi nisikilizeni kwa upole. Kumtoza mtafuta kazi ada ili apatiwe kazi ni marufuku kwa sheria za Ufini, kwa hiyo wakala anayewaambia lete laki tatu kazi ipo tayari ameshawadanganya kabla hajapokea. Mliona wazazi wa Uasin Gishu walivyoandamana Eldoret mwaka 2023 kudai pesa za mpango wa kupeleka vijana kusoma Ufini, na ule ulikuwa na jina la kaunti. Wala msimsukume kijana asaini chochote ilimradi atume pesa Desemba.

Aliyekwisha kunaswa asikae kimya kwa kuogopa kibali. Ni kweli, tangu Juni 2025 mwenye kibali cha kazi akipoteza ajira ana miezi 3 ya kupata nyingine, baadhi yao miezi 6, na mwajiri mbaya anaitegemea hofu hiyo. Lakini Migri wana kibali maalumu cha hadi mwaka mmoja kwa aliyenyonywa na mwajiri, kinachomruhusu kutafuta kazi nyingine. Anza na Rikosuhripäivystys, RIKU, shirika la kuwasaidia waathirika wa uhalifu, msaada wao ni wa bure. Kwa usafi, hoteli na migahawa chama cha wafanyakazi ni PAM; jiunge siku ya kwanza ya kazi, maana mgogoro ulioanza kabla ya uanachama kwa kawaida hawaushughulikii.